Azali na Umri: Wanasayansi Watunzi na Swali la Ukale wa Ulimwengu

Makala haya yanahusu swali moja ambalo aghalabu huachiwa wanafizikia, nalo ni hili: ulimwengu umekuwapo tangu lini? Hatukusudii kulijibu. Wenye kulijibu wapo, na jibu lao la sasa ni takriban miaka bilioni 13.8. Tunachokusudia ni kuchunguza namna swali hilo lilivyoingia katika utungaji wa hadithi kwa mikono ya watu waliokuwa wanasayansi kwa kazi na watunzi kwa hiari yao, na kisha kuuliza kwa nini riwaya ya Kiswahili, ambayo imewahi kupaa angani zaidi ya mara moja, imeligusa swali hilo kwa mbali tu. Wako wenzetu watakaoona kwamba mada hii ni ya kigeni na haina nafasi katika jarida la lugha za Kiafrika. Tunawaomba wavumilie kurasa chache, maana tunaamini kwamba sehemu kubwa ya ugomvi huu imo ndani ya msamiati wetu wenyewe, na ilikuwamo kabla hatujasikia habari za darubini.

Tuanze na neno umri. Katika Kiswahili umri ni wa chenye kuzaliwa. Mtu ana umri, ng'ombe ana umri, hata mnazi twaweza kuukadiria umri wake kwa makovu ya makuti yaliyoanguka. Jabali hatuliulizi umri wake ila tukiwa shuleni. Kwa hiyo tunapoandika "umri wa ulimwengu", kama tunavyoandika sote bila kusita, tumekwisha kuamua kabla ya hoja yoyote kwamba ulimwengu ulizaliwa siku fulani. Upande wa pili wa kamusi liko neno azali, ambalo ni ule wakati usio na mwanzo. Mwanafunzi wa chuoni huko pwani aliyefundishwa sifa ishirini za Mwenyezi Mungu alikariri sifa ya pili, Kidamu, yaani kutokuwa na mwanzo, na alifahamishwa kwamba sifa hiyo ni ya Muumba wala si ya viumbe vyake. Nyuma ya somo hilo dogo umo mjadala mkubwa. Al-Ghazali alipowajibu wanafalsafa mwishoni mwa karne ya 11, hoja ya kwanza aliyoishambulia ilikuwa ile ya kwamba ulimwengu ni wa azali. Basi lugha yetu imerithi pande zote mbili za kesi: inalo neno la anayesema kwamba ulimwengu una mwanzo, na inalo neno la anayekana.

Neno ulimwengu nalo lina hila yake. Mtu wa Kangemi au Kawangware akisema ulimwengu umeharibika, anawasema majirani, bei ya unga na serikali, hasemi galaksi. Vitabu vya shule vimejaribu kutenganisha, dunia iwe sayari yetu na ulimwengu uwe jumla ya vyote vilivyopo, na utengano huo umekubalika darasani. Lakini mtunzi wa riwaya haandikii darasa peke yake. Akiandika kwamba ulimwengu una miaka bilioni 13.8, huenda msomaji wake akasikia umri wa dunia, ambayo ina miaka bilioni 4.5 hivi, na hapo tofauti itakuwa ya miaka bilioni 9 kwa sababu ya neno moja. Hesabu yenyewe haitamtisha. Msomaji wa Nairobi hulisikia neno bilioni kila jioni katika habari za deni la taifa na za fedha zilizopotea.

Tuje sasa kwenye ugomvi wenyewe, maana bila kuufahamu hatuwezi kuzihakiki hadithi zilizotokana nao. Mwaka 1929 Edwin Hubble, akiwa katika kituo cha Mount Wilson huko Marekani, alionyesha kwamba galaksi zinaachana, na kwamba iliyo mbali zaidi huenda kasi zaidi. Georges Lemaître, kasisi wa Ubelgiji aliyekuwa pia mwanafizikia, alikuwa amekwisha kulitoa wazo la ulimwengu unaotanuka mwaka 1927, na mwaka 1931 akapendekeza kwamba vyote vilianzia katika chembe moja. Ukiujua mwendo wa galaksi na umbali wake, unaweza kurudi nyuma kwa hesabu hadi siku zilipokuwa zimesongamana pamoja. Vipimo vya Hubble vilitoa takriban miaka bilioni 2. Balaa ni kwamba wanajiolojia, kwa kupima kuoza kwa urani ndani ya mawe, walikuwa wakipata umri wa dunia uliozidi hapo. Mtoto alikuwa amemzidi mama yake umri.

Ndipo alipotokea Fred Hoyle, mwanafalaki wa Cambridge. Mwaka 1948 yeye na wenzake wawili, Hermann Bondi na Thomas Gold, walitoa nadharia ya hali ya kudumu: ulimwengu hutanuka, ndiyo, lakini mata mpya huzuka pole pole kujaza nafasi, hivyo sura yake kwa jumla haibadiliki, haukuanza wala hautakwisha. Kwa lugha yetu, Hoyle aliusemea ulimwengu wa azali. Mwaka uliofuata, katika mazungumzo ya redio ya BBC, ndiye aliyewapachika wapinzani wake jina la Mlipuko Mkuu, na jina hilo likawaganda hata wao wenyewe wakalipokea. Inafaa mhakiki wa fasihi akumbuke namna wazo lile lilivyozuka. Wenyewe walisimulia kwamba walikwenda kutazama filamu ya mizuka iitwayo Dead of Night, ya mwaka 1945, ambayo mwisho wake unarejea mwanzo wake, na walipotoka wakajiuliza kama ulimwengu nao hauwezi kuwa na muundo wa namna hiyo. Tumezoea kusema kwamba sayansi huwapa watunzi maudhui. Hapa fani ya hadithi ndiyo iliyowapa wanasayansi nadharia.

Nadharia hiyo ilishindwa. Mwaka 1952 Walter Baade alionyesha kwamba umbali wa galaksi ulikuwa umepimwa pungufu, na umri wa ulimwengu ukaongezeka maradufu kwa siku moja. Mama akaanza kumkaribia mtoto. Mwaka 1965 Arno Penzias na Robert Wilson walitangaza mnururisho hafifu unaotoka kila upande wa anga, ambao wengi waliutambua kuwa ni masalio ya joto la mwanzo. Hoyle hakuukubali mlipuko ule mpaka alipofariki mwaka 2001.

Sasa, mtu huyu aliyeshindwa katika sayansi yake aliandika riwaya mwaka 1957, The Black Cloud, ambayo ingali inasomwa. Wingu kubwa jeusi linaingia katika mfumo wa jua letu na kuuziba mwanga. Watu wanakufa kwa joto kisha kwa baridi. Kundi la wanasayansi, wakiongozwa na Chris Kingsley wa Cambridge, linagundua kwamba wingu lile lina akili na laweza kuzungumza. Katika mazungumzo hayo Wingu linaulizwa habari za asili ya wenzake, na jibu lake ni kwamba halikubali kuwa aliwahi kuwapo wa kwanza miongoni mwao. Wanasayansi wanaosikiliza wanalifurahia jibu hilo, kwa kuwa ni kofi kwa wale wanaoamini mlipuko. Mahali hapa ni padogo sana katika riwaya, aya chache tu, nasi tunapaona kuwa ndipo kiini cha kitabu kilipo. Hoyle hakusimama kando ya hadithi kumfundisha msomaji falaki. Alichukua kesi aliyokuwa nayo mahakamani, kesi ambayo hakujua itaamuliwaje, akamtafutia shahidi wake mhusika mwenye kimo cha kustahili.

Zaidi ya hayo, riwaya inamhukumu mwandishi wake. Wingu linaondoka kwa sababu limepata habari kwamba mwenzake wa karibu, aliyedai kuwa amepata majibu ya maswali makubwa, amenyamaza ghafla. Kingsley naye, akijaribu kupokea elimu ya Wingu katika ubongo wa mwanadamu, anakufa. Mwenye kusema kwamba ulimwengu hauna mwanzo anatunga hadithi ambamo ajuaye zaidi huangamia. Sidhani kama Hoyle mwanafalaki angeandika sentensi kama hiyo katika jarida la kisayansi. Hoyle mtunzi aliiandika bila kujizuia. Tukiwa wahakiki hatuna budi kuona tofauti hiyo, maana ndiyo faida ya mwanasayansi kuandika hadithi: katika hadithi anaweza kukiri hofu ambayo ushahidi haumruhusu kuitaja.

Kasoro za riwaya hiyo ni nyingi. Wanawake waliomo ni kivuli cha wanawake. Wanasiasa wote ni wapumbavu na wanasayansi wote ni werevu, na Kingsley anafaulu kuzishinda serikali kwa kushika mawasiliano kutoka katika jumba moja la mashambani. Mwandishi aliyewahi kukutana na serikali kwa karibu hawezi kuandika hivyo. Tutalirudia jambo hili.

Isaac Asimov alikuwa mwanakemia, mwenye shahada ya uzamivu ya Chuo Kikuu cha Columbia, na alifundisha Chuo Kikuu cha Boston. Hadithi yake fupi ya mwaka 1956, The Last Question, inatazama upande wa pili wa umri, yaani kufa. Watu wawili waliolewa wanaiuliza kompyuta kubwa kama kuna njia ya kuzuia ulimwengu usichakae na kuzimika. Kompyuta inajibu kwamba maarifa hayatoshi. Vizazi vinapita, mamilioni ya miaka yanapita, kompyuta zinabadilika umbo, watu wanabadilika umbo, na kila mara swali ni lile na jibu ni lile, mpaka nyota zote zinazimika na kompyuta peke yake inabaki, na hapo inapata jibu, nalo ni tamko lile lile la mwanzo wa kitabu cha Mwanzo. Wengi wameisifu hadithi hii kwa wazo lake. Mimi naisifu kwa fani yake. Ni ngano. Ina kiitikio kinachorudi katika kila kituo, kama wimbo wa ngano zetu unavyorudi kila msichana anapofika mto mwingine, na kama katika ngano, maana ya kiitikio hubadilika ilhali maneno yake hayabadiliki. Msimulizi wa kwetu anayefungua kwa "Paukwa!" na kuitikiwa "Pakawa!" angeifahamu mara moja. Jozi hiyo ya maneno, hata hivyo, ni hadithi fupi kuliko zote za kuanza kwa mambo: palikuwa hapana, pakawa.

Carl Sagan tunampita upesi. Kalenda yake maarufu, aliyoitoa mwaka 1977, inayoubana umri wote wa ulimwengu katika mwaka mmoja na kumweka mwanadamu katika saa za mwisho za tarehe 31 Desemba, ni ubunifu mzuri wa mwalimu. Lakini hamna mgogoro ndani yake. Anayeifahamu ameifahamu, hakuna aliyekufa, hakuna aliyekataa. Tunaitaja kwa sababu ndiyo mfano unaoigwa zaidi na waandishi wetu chipukizi wanaotaka kuleta sayansi katika Kiswahili: hutafuta jambo lililokwisha kuthibitishwa, wakalivika kanzu ya hadithi. Zao lake huwa ni kitabu cha kiada chenye wahusika.

Je, kwetu?

Tarehe 12 Desemba 1970, siku ya maadhimisho ya uhuru wa Kenya, setilaiti moja ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, lililosimamishwa na Waitalia baharini karibu na Ngomeni, kaskazini ya Malindi. Ilikuwa ya kwanza duniani kutengwa kwa kazi ya kuchunguza eksirei zinazotoka angani, na kwa heshima ya siku ile na wenyeji wake ikaitwa Uhuru. Orodha ya nne iliyotokana nayo ina vyanzo 339, na mpaka leo vingi kati yao hutajwa katika maandishi ya falaki kwa alama 4U na tarakimu kadhaa. Ile U ni herufi ya kwanza ya neno la Kiswahili. Riccardo Giacconi, aliyeiongoza kazi hiyo, alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2002. Neno letu, basi, limo katika orodha za mbingu kwa zaidi ya nusu karne. Riwaya yetu ilikuwa wapi?

Ilikuwa imekwisha kutangulia, kwa namna yake. Kusadikika ya Shaaban Robert, iliyochapishwa mwaka 1951, ni nchi inayoelea angani, na wajumbe wake hutumwa pande zote, mbinguni na ardhini vilevile, kisha wakirudi na habari njema huadhibiwa. Safari zile hazina falaki ndani yake, wala mwandishi hakudai. Anga kwake ni mahali pa kuiweka mahakama ili watawala wa wakati ule wasijitambue upesi. Hata hivyo kuna jambo moja ambalo lilibaki kuwa desturi: katika fasihi yetu anayekwenda angani haendi kwa udadisi. Anatumwa, au anahukumiwa.

Katama Mkangi aliipokea desturi hiyo. Hakuwa mwanafalaki, alikuwa mwanasosholojia, mhadhiri katika Chuo Kikuu cha Nairobi, mzaliwa wa pwani ile ile yenye jukwaa la Ngomeni, ingawa hatudai kwamba jukwaa ndilo lililompa wazo. Katikati ya miaka ya 1980 alitiwa kizuizini kwa sababu za kisiasa. Baada ya Ukiwa (1975) na Mafuta (1984), mwaka 1995 ilitoka riwaya yake Walenisi. Dzombo anahukumiwa kifo, na kifo chenyewe ni kutiwa katika chombo cha angani ambacho hakuna aliyewahi kurudi nacho. Anafaulu kukiongoza, naye anafika katika sayari ya Walenisi, ambako hakuna unyonyaji wala utabaka. Jina la sayari halihitaji kufasiriwa: wale ni sisi.

Tukiilinganisha na riwaya ya Hoyle, mambo mawili yanajitokeza. La kwanza ni kwamba Mkangi anafahamu dola ni nini. Kingsley ana jumba la mashambani na mitambo; Dzombo ana mlango unaofungwa kwa nje. Chombo cha angani, ambacho katika riwaya za Wazungu ni alama ya uwezo wa mwanadamu, kwa Mkangi ni chumba cha mahabusi kinachoruka. Hatujui riwaya nyingine ya kisayansi, ya lugha yoyote tuliyoisoma, iliyoitazama teknolojia kwa jicho la mfungwa kwa uwazi kama huu, na sura zile za kesi na za safari zinastahili kusomwa pamoja na fasihi yote ya kizuizini iliyoandikwa nchini Kenya.

La pili linahusu wakati. Anayeitazama nyota anaitazama jana yake, kwa kuwa nuru huchukua miaka kufika. Kadiri unavyotazama mbali ndivyo unavyotazama kale. Fizikia inasema kwamba mbali ni zamani. Mkangi amepindua: mbali kwake ni kesho. Anayeruka umbali ule anakutana na jamii ambayo sisi tungeweza kuwa. Hili ni wazo kubwa, na lingeweza kuwa mbegu ya ugomvi kama ule wa Hoyle, maana katika sayansi ya jamii nako kuna wanaosema kwamba unyonyaji ni wa azali, na wanaosema kwamba una umri, ulizaliwa siku fulani na utakufa. Hiyo ndiyo iliyokuwa kesi ya Mkangi mwenyewe, darasani na nje ya darasa. Kama ukandamizaji una mwanzo, una mwisho. Kama hauna mwanzo, mfungwa hana matumaini.

Kwa maoni yetu riwaya inaanza kulegea pale inapoacha kuigombania kesi hiyo. Dzombo akishafika, mwenyeji anaeleza na mgeni anastaajabu, tena mwenyeji anaeleza, tena mgeni anakubali. Tungependa aling'ang'anie swali la wakati: ninyi mlikuwa kama sisi lini, mlichukua miaka mingapi, nani alipinga, na mna hakika gani kwamba hamtarudi mlikotoka? Wingu la Hoyle linapobishana na wanadamu halipewi ushindi wa bure. Linajua mengi, lakini liko jambo ambalo halijui, na kutojua huko ndiko kunakolifanya kuwa mhusika. Wenyeji wa Walenisi wanajua kila kitu, na kwa sababu hiyo hatuwakumbuki kwa majina baada ya kukifunga kitabu. Tunalisema hili tukiwa na heshima kubwa kwa marehemu, na tukijua kwamba mtu aliyetoka kizuizini ana haki ya kujipumzisha katika nchi isiyo na askari.

Euphrase Kezilahabi, katika Nagona (1990) na Mzingile (1991), alifika karibu zaidi na swali la mwanzo na mwisho. Wakati wake haunyooki. Huzunguka, na baada ya maangamizi huanza upya. Msomaji anayeikumbuka ile filamu ya akina Hoyle ataiona hapa sura hiyo hiyo ya mwisho unaorejea mwanzo. Lakini Kezilahabi alilifikia swali kwa njia ya falsafa na visasili, naye aliandika kwa wasomaji wachache wenye subira. Kuna pengo kati yake na Mkangi, na hapo ndipo tungetarajia kumkuta mwanafizikia.

Mwanafizikia huyo yuko wapi? Hayuko mbali. Kutoka kampasi kuu ya Chuo Kikuu cha Nairobi hadi Chiromo, inakofundishwa fizikia, ni mwendo wa miguu ambao hauwezi kumtoa mtu jasho jingi. Njiani kuna kilima cha Makumbusho ya Taifa, ambamo yamehifadhiwa mabaki ya yule kijana wa Turkana aliyegunduliwa na Kamoya Kimeu huko Nariokotome mwaka 1984, mwenye miaka milioni 1.5 hivi. Upande huu tunafundisha riwaya. Upande ule wanafundisha mnururisho. Katikati amelala mtoto wa kale kuliko lugha zote tunazozihakiki. Wanafunzi wa pande mbili hukutana stejini tu, wakingoja matatu za Westlands na Kangemi. Nilipokuwa nikisoma shahada ya pili ng'ambo nilishangaa kuona wanafunzi wa fizikia wakiandika hadithi katika jarida la wanafunzi wa fasihi, na wakitukanwa humo kwa haki kabisa kwa udhaifu wa lugha yao. Hapa kwetu hata nafasi ya kutukanana hivyo hatujawapa.

Husemwa kwamba kizuizi ni istilahi. Hatukubali. Mabaharia wetu waliugawa mwaka wa Nairuzi kwa miongo, kila mwongo siku kumi. Leo mwongo ni miaka kumi, na hakuna aliyelalamika kwamba neno limenyooshwa mno. Tunayo dahari, tunayo azali, tunayo falaki, ambayo ni bora kuliko unajimu kwa sababu haimpigii mtu ramli. Kinachokosekana ni mwandishi aliyemo ndani ya ugomvi wa leo. Na ugomvi upo. Wanaoipima kasi ya kutanuka kwa ulimwengu kwa kutumia ule mnururisho wa kale hupata takriban kilomita 67 kwa sekunde kwa kila megaparseki. Wanaoipima kwa nyota zinazopwitapwita na zile zinazolipuka hupata takriban 73. Pande zote mbili zimevirudia vipimo vyao kwa miaka mingi na hazijapatana, na umri wa ulimwengu hutegemea tarakimu hiyo. Hoyle alikuwa na utata usio mkubwa sana kuliko huu alipoanza.

Muhula uliopita niliwapa wanafunzi wa mwaka wa tatu zoezi la kuyatafsiri yale mazungumzo ya Wingu na wanasayansi. Niliyachagua kwa sababu msamiati wake ni mwepesi. Kundi la kwanza likaandika kwamba Wingu linakana kuwapo kwa "kiumbe wa kwanza". Msichana mmoja, mwenyeji wa Dagoretti, akainuka na kusema kwamba sentensi hiyo inajipiga yenyewe, maana kiumbe ni kilichoumbwa, na kilichoumbwa kina siku ya kuumbwa. Wingu haliwezi kulitumia neno hilo bila kuikubali hoja linayoikana. Mwenzake akapendekeza "mwenye uhai". Mwingine, kutoka Lamu, akasema uhai nao una anayeutoa, na kwamba hakuna neno la Kiswahili la kitu kilichopo pasipo kuwekwa, isipokuwa moja, na hilo haliwezi kutumiwa kwa wingu. Wa tatu akasema kwamba kama ni hivyo, lugha imekwisha kuamua kesi na Hoyle hatafsiriki. Wakabishana kwa saa nzima, na wachache wakahamia upande wa pili katikati ya mabishano. Mwishowe kulikuwa na tafsiri mbili, moja yenye "kiumbe" na nyingine yenye "aliyekuwapo", na kila kundi lilikataa kuweka jina lake chini ya ile ya wenzake. Nimezipiga chapa zote mbili na kuzibandika ubaoni nje ya idara, na juma lililopita mtu ambaye simjui, kwa mwandiko wa kalamu ya risasi, ameandika kando ya ile ya pili: aliyekuwapo tangu lini?